Ganzi iligoma

Jino langu la mwisho chini kushoto lilianza kunisumbua katikati ya Ramadhani, nami kama wanaume wengi nikalitibu kwa karafuu na maji ya chumvi mpaka shavu likavimba kama mtu aliyeficha andazi. Ndo nikaenda kliniki moja hapa mjini Tanga. Daktari akachoma sindano ya kwanza, tukasubiri, akagusa na kile kichuma chake, nikaruka. Akachoma ya pili, nikaruka tena na nusura nimpige teke. Akaniambia taratibu tu, "Kaka, hapa pana usaha mwingi, ganzi haitashika, kameze antibayotiki siku tano kwanza halafu urudi." Nikatoka na shavu langu. Nje nikamkuta kijana aliyeingia kabla yangu anajaribu kunywa soda, inamwagikia shati, na anacheka mwenyewe.

Sasa mi fundi umeme. Nimewaya nyumba Makorora, Sahare, Mikanjuni mpaka huko Pongwe, na kitu ambacho fundi hawezi kulala nacho ni kifaa kugoma bila kujua kwa nini. Dawa ni ile ile, daktari yule yule, kwa yule kijana imeshika mpaka soda haimkai mdomoni, kwangu imekataa. Usaha unaizuiaje ganzi? Nikampigia binti wa dada yangu, anasoma udaktari Dar. "Shikamoo mjomba." Marahaba. Nikamweleza yote, akacheka kwanza (heshima siku hizi basi tena), halafu akaniuliza, "Kwani mjomba, ganzi inazima nini?"

Nikamwambia inazima mshipa wa fahamu.

"Inauzimaje?"

Hapo nikanyamaza. Kichwani kwangu nilikuwa naona waya, na ganzi kama mtu anayeukata waya kwa muda halafu anauunga tena. Akaniambia hapana, futa waya wote kichwani, mshipa wa fahamu hauna waya, una chumvi na milango. Akanitumia maelezo kwa WhatsApp usiku ule, voisi noti ndefu ndefu kama hotuba, na mimi usingizi haukuja kwa ajili ya jino kwa hiyo nikasikiliza zote.

Anza hivi. Kila seli ya mwili wako, uwe umekaa au umelala, ni kabetri. Ukiweza kuingiza ncha moja ya tester ndani ya seli ya mshipa wa fahamu na nyingine ukaiacha nje, utasoma kama milivolti 70, ndani ikiwa hasi. Mi nilipoisikia hiyo nikaidharau, milivolti 70 hata taa ya simu haiwashi. Lakini utando unaotenganisha ndani na nje una unene wa kama nanomita 5, yaani milimita moja igawe mara laki mbili. Piga hesabu mwenyewe: volti hizo kwenye unene huo ni sawa na volti milioni 14 kwa mita. Hewa ya kawaida inashindwa kuvumilia ikifika kama volti milioni 3 kwa mita, hapo inapasuka, ndo radi yenyewe. Sisi tukipita chini ya laini ya kilovolti 33 tunaipa heshima yake, kumbe kila seli inabeba mkazo mkubwa kuliko ule kwenye kautando ka mafuta, na wala haitoi cheche.

Hiyo betri inachajiwaje? Kwa chumvi. Na hapa nitumie mfano wangu, sio wa mpwa wangu. Chukua dafu limeanguka baharini pale Raskazone linaelea. Nje yake ni maji ya bahari, sodiamu tele. Ndani yake ni maji ya dafu, ambayo potasiamu ni nyingi na sodiamu kidogo sana. Seli yako ni dafu hilo. Damu na majimaji yanayoizunguka seli yana sodiamu mara kumi na zaidi kuliko ndani, na ndani kuna potasiamu mara thelathini na zaidi kuliko nje. Zote mbili zimebeba chaji chanya, na chembe yenye chaji ndo inaitwa ioni. Utando ni mafuta, na mafuta na ioni havipatani, ioni inataka maji. Kwa hiyo hakuna anayepita ila kwa mlango, na milango yenyewe ni protini zilizochomekwa kwenye utando, kila moja ina tundu katikati.

Seli ikiwa imetulia, milango iliyo wazi kwa wingi ni ya potasiamu. Potasiamu ndani imebanana, nje kuna nafasi, basi inaanza kutoka. Lakini kila inayotoka imeondoka na chaji chanya, ndani panabaki hasi, na hasi inamvuta chanya arudi. Inatoka, inavutwa, inatoka, inavutwa, mpaka nguvu ya kutoka na nguvu ya kuvutwa zinakuwa sawa. Kama potasiamu ingekuwa peke yake mizani ingetulia kwenye milivolti 90 hasi hivi, ila kuna sodiamu kidogo inapenya kuingia ndani, ndo maana unakuta 70. Na potasiamu iliyotoka mpaka kufikia hapo ni kiduchu mno, ukipima wingi wake ndani huoni hata imepungua. Hiyo ilinichukua siku mbili kuielewa, nilikuwa nadhani lazima zihame nyingi.

Ndo maana pia mzee wa jirani yetu mwenye tatizo la figo alikatazwa dafu na ndizi, nasi tukaona madaktari wanamwonea tu mzee wa watu. Figo zikishindwa kutoa potasiamu inajaa kwenye damu, tofauti ya ndani na nje inapungua, betri inalegea, na moyo unaishi kwa betri hiyo hiyo. Dafu kwake sio dogo.

Sodiamu inayopenya ndani nayo haiachwi ijae. Sisi watu wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Sodiamu ikiingia kuna pampu inaitoa leo leo. Pampu hiyo kila mzunguko inatoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2 ndani, na inalipia kwa nishati ya chakula ulichokula. Karibu moja ya tano ya nishati unayotumia ukiwa umekaa bure inaenda kwenye pampu hizi, na kwenye ubongo ni zaidi ya hapo. Aliyeigundua ni Mdenmark mmoja anaitwa Jens Skou, mwaka 1957, kwenye neva, yaani mishipa ya fahamu, za miguu ya kaa. Kaa! Na kilichonifurahisha, yule bwana alikuwa daktari aliyeanza kwa kutaka kujua ganzi inafanyaje kazi, kama mimi, ila yeye akaishia kwenye Tuzo ya Nobel, ambayo hata hivyo ilimfikia 1997, miaka 40 imepita.

Siku ya tatu ya antibayotiki shavu likaanza kushuka nikaenda Deep Sea asubuhi, kule kwenye mnada wa samaki, maana mpwa wangu alikuwa ameniambia kitu kingine: haya yote watu wameyajua kwa viumbe wanaouzwa pale. Nikamkuta bamdogo ananadi mafungu yake.

"Shikamoo bamdogo."

"Marahaba. Uso umefanyaje, umepigwa na mkeo?"

Nikamwambia nataka ngisi mzima, asipasuliwe. Akanitazama. Akaniambia ngisi mzima wa nini, si utamwagiwa wino. Bamdogo amevua tangu kabla sijazaliwa, anakwambia ngisi ukimsogelea usiku na taa anakaa kimya anakuangalia, halafu ghafla, fyuu, kinyumenyume, anajisukuma kwa maji kama risasi. Hiyo fyuu ndiyo yenyewe. Mwili wake wote ule wa mfuko inabidi ubane kwa mpigo mmoja, kwa hiyo amepewa nyuzi za neva nene kupita kiasi ili taarifa ifike haraka mpaka mkiani. Nyuzi zetu sisi huzioni bila darubini. Ya ngisi inafika nusu milimita, mara nyingine hata milimita nzima, na ni uzi mmoja tu. Kabla Mwingereza John Zachary Young hajaieleza vizuri mwaka 1936 ilionekana kama mshipa wa damu tu.

Nyumbani nikampasua upande wa tumboni, nikamfungua kama kitabu, nikatoa matumbo taratibu. Upande huu na upande huu, karibu na ukingo wa mbele, kuna kifundo cheupe na nyuzi zinatawanyika kama nyota, na mmoja mrefu unashuka sambamba na ule mfupa wake unaofanana na plastiki. Nikauinua kwa pini. Mwembamba, mweupe wa kupenya mwanga, unateleza. Mke wangu akaniuliza ngisi wa mboga unamfanyia operesheni ya nini, nikamwambia subiri, nikaukata kwa papara na hapo mtihani wangu ukaishia. Tulimla na wali wa nazi.

Sasa wenzangu hawakuukata. Mwaka 1939, Plymouth, mji wa bandari Uingereza, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, huyu Huxley ana miaka 21 tu, wakaingiza kijibomba cha kioo ndani ya uzi huo kwa urefu wake, kama sisi tunavyoingiza spring kwenye bomba la waya, wakapima ndani na nje. Watu walikuwa wanaamini kwamba taarifa ikipita, utando unatoboka tu kwa muda na betri inaisha, volti inarudi sifuri. Wao wakaona inapita sifuri! Ndani panakuwa chanya, kama milivolti 40, halafu panarudi hasi. Betri haijaisha, imegeuka. Fundi yeyote akiona hivyo anajua kuna chanzo cha pili hapo. Wiki chache baadaye vita vikaanza, Hodgkin akaenda kwenye mambo ya rada, na jibu kamili wakalitoa mwaka 1952, hesabu zake Huxley alizipiga kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono kwa sababu kompyuta ya Cambridge ilikuwa kwenye matengenezo. Nobel 1963, pamoja na John Eccles.

Chanzo cha pili ni sodiamu. Kuna milango ya sodiamu inayohisi volti. Ikiwa ndani pana 70 hasi imefungwa. Kitu kikiusukuma utando ufike kama 55 hasi, baadhi inafunguka, sodiamu inaingia kwa fujo, ndani pazidi kuwa chanya, na hiyo inafungua milango mingine zaidi, sodiamu zaidi, milango zaidi, ndani ya milisekunde moja mambo yamekwisha. Halafu kizibo kinaingia kwenye kila mlango chenyewe, na milango ya potasiamu ambayo ni mizito kuamka inafunguka, potasiamu inatoka, betri inarudi ilivyokuwa. Kipande cha jirani kimeshtuliwa na kipande hiki, nacho kinafanya hivyo hivyo, na nyuma taarifa hairudi kwa sababu kule vizibo bado vimekaa. Kwa hiyo ioni hazisafiri kutoka jino mpaka ubongo. Zinaingia na kutoka kwa ubavu tu, pale pale zilipo. Kinachosafiri ni zamu. Kama mawimbi ya mashabiki uwanjani, kila mtu anasimama na kukaa kwenye kiti chake.

Nilipofika hapo nikakubali kufuta waya.

Mlango wenyewe unastahili maneno mawili. Mwaka 1976 Wajerumani wawili, Erwin Neher na Bert Sakmann, waliweza kugandamiza ncha ya kioo kwenye utando wakausikia mlango mmoja mmoja ukifunguka na kufunga. Mkondo wake ampea moja igawe kwa trilioni, chukua vipande vichache. Mchoro unapanda ghafla, unakaa, unashuka ghafla. Ni swichi. Hakuna dima ya kuongeza na kupunguza taratibu.

Halafu kuna fumbo la mlango wa potasiamu ambalo mi nalipenda kuliko yote. Ioni ya potasiamu ni kubwa kuliko ya sodiamu. Mlango unapitisha kubwa, mamilioni kwa sekunde, na unazuia ndogo! Chekecheke gani inapitisha mchele inazuia mchanga? Jibu lilionekana mwaka 1998 Roderick MacKinnon alipopata umbo la mlango huo, akapewa Nobel 2003. Ioni kwenye maji inatembea na koti la maji limeishikilia, na ili kupita kwenye tundu lile jembamba lazima ilivue. Kulivua ni gharama, sharti upate kitu kingine cha kukushika. Kuta za tundu zina oksijeni zilizopangwa kwa vipimo vya potasiamu hasa. Sisi utotoni tulikuwa tunaona watu wazima wanashuka kisimani bila kamba, mguu ukuta huu, mguu ukuta ule. Mtoto hawezi, miguu haifiki pande zote mbili. Basi sodiamu ni mtoto kisimani, haifiki kuta, hailipwi gharama ya koti lake, inabaki nje.

Tumrudie bamdogo, maana ye ndo alinipa kipande kilichokuwa kinakosekana na hata hakujua. Siku ile pale sokoni kwenye wavu kulikuwa na bunju, yule samaki anayejijaza tumbo kama puto na meno kama mdomo wa kasuku. Akamtoa kwa ncha ya kisu akamtupa pembeni. Nikamuuliza kuhusu sumu yake. Akaniambia ujanani mwao kuna mwenzao alijitia ujuaji akala, ini na yote. Kwanza midomo ikamfa ganzi. Halafu ulimi. Halafu vidole. Halafu akalala chini hata kope hasogezi, pumzi ya kuhesabu, moyo unadunda, wakamsomea. Alizinduka siku ya pili akawatajia nani alimlilia na nani alikuwa anaulizia baiskeli yake.

Midomo ikamfa ganzi! Nikamtumia mpwa wangu pale pale. Akajibu: "Hasa. Mlango ule ule mjomba."

Sumu ya bunju ni kizibo cha mlango wa sodiamu. Toshio Narahashi na wenzake ndio walioonyesha hivyo mwaka 1964, safari hii kwenye neva ya kamba koche (soko zima hili jamani, ngisi, kaa, kamba koche, bunju). Chembe moja ya sumu inakaa kwenye mdomo wa mlango mmoja, kwa nje, sodiamu haiingii, zamu inakatika. Misuli ya kupumulia haipati taarifa, na hiyo ndo inayoua. Moyo unaendelea kwa sababu milango yake ya sodiamu ni ya toleo tofauti kidogo, sumu haiikamati vizuri, na ubongoni haiingii kirahisi ndo maana yule jamaa alisikia vilio vyote. Bunju mwenyewe hafi kwa kuwa milango yake imebadilika pale sumu inapokaa, na sumu yenyewe asili yake ni bakteria, sio yeye. Kupika hakuiondoi. Miligramu 1 au 2 zinatosha kumuua mtu mzima, na dawa ya kuiondoa hakuna, kinachofanyika ni kukusaidia kupumua mashine ikifika mapema. Kwa hiyo wale wa "mi najua kumsafisha", tafadhali.

Ganzi ya daktari wa meno, lidokeni, ilitengenezwa Uswidi mwaka 1943 na Nils Löfgren, na mwenzake Bengt Lundqvist akajichoma mwenyewe kuijaribu. Nayo inaziba mlango wa sodiamu. Tofauti ni upande. Bunju anaziba kwa nje, akiwa barazani. Lidokeni inaziba kwa ndani, kwa hiyo sharti kwanza ipenye utando, na utando, tumeshasema, ni mafuta, chenye chaji hakipiti. Lidokeni ina sura mbili, yenye chaji na isiyo na chaji, na inabadilika badilika kati ya hizo mbili kufuatana na ukali wa asidi pale ilipo. Kwenye nyama yenye afya kama robo ya dawa iko bila chaji, inapenya, ikifika ndani inavaa chaji na kuziba mlango. Penye usaha pana asidi. Ukali ukiongezeka kiasi cha kushuka nambari moja tu kwenye kile kipimo cha asidi kinachoitwa pH, ile robo inashuka mpaka kama asilimia 3. Nyingine yote inabaki nje imevaa chaji, inagonga mafuta.

Sababu nyingine zipo pia, pale penye uvimbe damu nyingi inaisomba dawa haraka, na mishipa yenyewe imekuwa na hasira. Lakini mi ile ya robo na asilimia 3 ndiyo iliyonituliza. Dawa haikugoma. Ilikosa kuingia ndani.

Siku ya sita nikarudi kliniki. Sindano moja. Baada ya dakika tano mdomo nusu haukuwa wangu, akagonga, akatikisa, nikasikia mlio wa mfupa kichwani kama mtu anavunja miwa chumba cha pili, hakuna maumivu, jino hilo hapo kwenye sahani, jeusi, lina mizizi mitatu iliyopinda. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza daktari mambo ya asidi na chaji lakini kinywa kilikuwa kimejaa pamba.

Nikapitia Deep Sea kuchukua samaki wa futari. Bamdogo akanitazama, mate yananitiririka upande mmoja, nasalimia "hikamoo". Hakuitikia. Aliweka kisu chini akamwita mwenzake, "Njoo umwone huyu, kala bunju."